Robo Senti ya Santuri: Chimbuko la Muziki katika Makao ya Wazee ya Marekani

Desturi ya wanamuziki kwenda kupiga mbele ya wazee wanaoishi katika makao ya kutunzwa huhesabiwa na wengi kuwa ni tawi la sadaka, na katika nchi nyingi ndivyo ilivyo. Nchini Marekani, hata hivyo, desturi hiyo ilipata umbo lake la kudumu katika mgogoro wa kazi baina ya chama cha wanamuziki na makampuni ya santuri, mgogoro ulioanza mwaka 1942 na kumalizika kwa makubaliano kwamba kila santuri itakayouzwa ikatwe fedha kidogo, fedha hizo ziwekwe katika mfuko, na mfuko huo uwalipe wanamuziki ujira wao ili wapige mahali ambapo msikilizaji hadaiwi kiingilio. Wazee waliosikiliza hawakuwa upande wowote wa ugomvi huo, na wengi wao hawakupata kujua kwamba muziki uliowafikia kwenye viti vyao vya magurudumu ulikuwa umelipiwa na kijana asiyewafahamu, aliyeingia dukani katika mji wa mbali akanunua sahani ya nyimbo za kuchezea dansi.

Muziki haukuwa mgeni kabisa katika nyumba za watu wasiojiweza kabla ya hapo. Sheria iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 3 Machi 1865 ilianzisha makazi ya taifa ya askari wa kujitolea waliolemazwa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na katika matawi ya makazi hayo, hasa lile la Dayton katika jimbo la Ohio, kulikuwa na bendi ya matarumbeta na ngoma iliyopigia wakazi pamoja na maelfu ya wageni waliokwenda kutembelea bustani zake. Askari hao, kadiri miaka ilivyosonga, wakawa wazee, na makazi yao yakageuka kuwa makao ya wazee kwa maana tunayoielewa leo. Lakini askari aliyepigania taifa alihesabiwa kuwa mtu anayestahili kuenziwa, ilhali mzee maskini wa kawaida, asiye na jamaa wala akiba, alipelekwa katika nyumba ya maskini ya wilaya, yaani jengo la serikali za mitaa lililowachanganya pamoja wazee, wagonjwa wa akili, yatima na walevi, na humo muziki, kama ulikuwepo, ulikuwa wimbo wa dini siku ya Jumapili.

Makao ya wazee ya kisasa yalizaliwa na sheria iliyokuwa na lengo jingine. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 iliweka ruzuku ya wazee maskini, ambayo serikali kuu ilichangia nusu mpaka kiwango cha dola 30 kwa mwezi kwa mtu mmoja, lakini ikakataza ruzuku hiyo kulipwa kwa yeyote anayeishi katika taasisi ya umma, kwa kuwa waliotunga sheria walikusudia kuzifuta nyumba za maskini. Wazee waliohitaji kuuguzwa hawakuwa na pa kwenda isipokuwa nyumba za watu binafsi, ambazo mara nyingi zilikuwa za wajane au wauguzi waliopangisha vyumba vyao, na kutokana na nyumba hizo ikakua biashara nzima ya utunzaji. Marekebisho ya mwaka 1950 yaliruhusu malipo yaende moja kwa moja kwa mwenye makao na kuyataka majimbo yaweke mamlaka ya kutoa leseni, kisha sheria zilizotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965, zilizoleta bima ya Medicare kwa wazee na msaada wa Medicaid kwa maskini, zikamimina fedha za umma katika sekta hiyo kwa wingi usiopata kuonekana. Ndani ya kizazi kimoja, basi, taifa lilikuwa limejenga maelfu ya majengo yaliyojaa watu wenye siku ndefu na shughuli chache.

Wakati majengo hayo yakichipuka, wanamuziki walikuwa wakipoteza kazi. Tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, mwajiri mkubwa wa mpiga fidla au mpiga kinanda wa kawaida alikuwa jumba la sinema, kwa sababu filamu hazikuwa na sauti na ilibidi awepo mtu, au okestra nzima katika majumba makubwa, wa kupiga muziki chini ya pazia muda wote picha ikienda. Filamu iitwayo The Jazz Singer ilipoonyeshwa mwezi Oktoba 1927, ikiwa na nyimbo na maneno yanayosikika, hatima ya kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa, na kwa hesabu ya chama chenyewe, takriban ajira 22,000 za majumba ya sinema zilitoweka katika miaka michache huku teknolojia mpya ikizaa nafasi mia chache tu katika studio. Shirikisho la Wanamuziki la Marekani, maarufu kwa herufi AFM, ambalo lilikuwa limeundwa mwaka 1896, lilijibu kwa matangazo ya magazetini yaliyoushutumu muziki wa mashine kwa jina la dhihaka, “muziki wa makopo”, jina lililokuwa limeenezwa mwaka 1906 na kiongozi wa bendi John Philip Sousa. Matangazo hayo hayakurudisha hata kiti kimoja cha okestra.

Katika muongo wa mdororo wa uchumi serikali yenyewe ilichukua nafasi ya mwajiri. Mradi wa Muziki wa serikali kuu, ulioanzishwa mwaka 1935 chini ya Nikolai Sokoloff, aliyewahi kuongoza okestra ya Cleveland, uliwaandika kazini maelfu ya wanamuziki waliokuwa katika orodha za misaada, na kwa kuwa haukutakiwa kushindana na biashara binafsi, uliwapeleka mahali pasipo na soko, yaani shuleni, viwanjani, hospitalini na katika taasisi za wazee na walemavu. Umuhimu wa mradi huo katika historia hii uko katika wazo uliloliacha, kwa maana ulipokufa mwaka 1943 pamoja na programu nyingine za kazi za wakati ule, viongozi wa AFM walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao kwamba mtu anaweza kulipwa ujira kamili kwa kupiga mbele ya hadhira isiyolipa, ilimradi apatikane mlipaji wa tatu. Suala lililobaki lilikuwa ni nani awe mlipaji huyo.

Jibu lilitoka kwa James Caesar Petrillo, mzaliwa wa Chicago mwaka 1892, mpiga tarumbeta ambaye, kwa kauli za waliomsikia, kipaji chake cha uongozi kilizidi mbali kipaji chake cha upigaji, na aliyeshika urais wa AFM mwaka 1940. Magazeti hayakumpenda, na jina lake la kati, ambalo ni la Kaisari wa Roma, liliwapa wachora vikaragosi kazi rahisi. Hoja yake ilikuwa hii: mwanamuziki anaporekodi santuri hulipwa mara moja tu, kisha santuri hiyo hupigwa mara elfu katika vituo vya redio na katika jukboksi, yaani masanduku ya muziki ya kutumbukiza sarafu yaliyoenea katika baa na mikahawa, na kila inapopigwa humnyima kazi mwanamuziki mwingine ambaye angeajiriwa kupiga papo hapo. Mpigaji, kwa lugha ya Petrillo, alikuwa fundi pekee anayetengeneza chombo cha kumfukuza yeye mwenyewe kazini. Tarehe 1 Agosti 1942 wanachama wote wa AFM waliacha kurekodi.

Mgomo huo, ambao ulitokea katikati ya vita vikuu, ulilaaniwa na magazeti na Seneti, hasa kwa kuwa ulifuata wiki chache tu baada ya Petrillo kuzuia matangazo ya redio ya wanafunzi wa kambi ya muziki ya Interlochen, jambo lililomfanya aonekane adui wa watoto. Makampuni yalijaribu kuukwepa kwa kuwarekodi waimbaji wakisindikizwa na kwaya badala ya ala, kwa sababu waimbaji hawakuwa wanachama wa AFM, na Frank Sinatra alitoa nyimbo kadhaa za namna hiyo mwaka 1943. Sauti za watu peke yake zilichosha masikio ya wanunuzi upesi. Kampuni ya Decca ilikubali masharti ya chama mwezi Septemba 1943, Capitol ikafuata mwezi uliofuata, na makampuni mawili makubwa zaidi, Columbia na RCA Victor, yalishikilia msimamo mpaka tarehe 11 Novemba 1944, muda mfupi baada ya Petrillo kukataa ombi la Rais Franklin Roosevelt mwenyewe la kuusitisha mgomo.

Masharti yenyewe yalihusu mrabaha, yaani malipo yanayofuata kila nakala ya kazi inayouzwa, ila mrabaha huu haukwenda kwa aliyerekodi. Kwa santuri ya bei ya chini, iliyouzwa senti 35, kampuni ililipa robo senti, na kiwango kilipanda kwa ngazi mpaka senti 5 kwa santuri za dola 2. Inafaa kuipima robo senti hiyo kwa mkono: ilihitaji santuri nne kuuzwa ndipo ipatikane senti moja, na santuri 400 ndipo ipatikane dola moja, kiasi ambacho mnunuzi hakukihisi na kampuni haikufilisika kwacho, lakini Marekani ya baada ya vita ilinunua santuri kwa mamia ya milioni kila mwaka. Fedha zilipelekwa katika mfuko wa ajira uliosimamiwa na chama, ambao ulianza kuzitumia mwaka 1947 kulipia maonyesho ya bure katika hospitali za askari wa zamani, viwanjani, mashuleni na katika makao ya wazee.

Mfuko huo haukukaa mwaka ukiwa katika hali hiyo. Kongresi iliyokuwa imechoshwa na migomo ilipitisha mwezi Juni 1947, juu ya kura ya turufu ya Rais Harry Truman, sheria ya kazi ya Taft-Hartley, ambayo pamoja na mambo mengine ilipiga marufuku mwajiri kulipa fedha katika mfuko unaoshikwa na chama peke yake. Petrillo alijibu kwa mgomo wa pili wa kurekodi tangu tarehe 1 Januari 1948, na suluhu iliyofikiwa mwezi Desemba mwaka huo ndiyo iliyoupa muziki wa makao ya wazee mhimili wake. Mfuko ulitolewa mikononi mwa chama ukawekwa chini ya mdhamini huru, yaani mtu mmoja anayeshika mali kwa niaba ya wanufaika bila kuwa mtumishi wa upande wowote, na cheo hicho kikapewa Samuel Rosenbaum, mwanasheria wa Philadelphia aliyewahi kuongoza kituo cha redio na aliyekuwa karibu na okestra ya mji wake. Ndivyo ulivyozaliwa Mfuko wa Udhamini wa Maonyesho ya Muziki, unaojulikana kwa herufi MPTF. Wapinzani wa Petrillo walidhani wamemnyang'anya silaha; kwa kweli walikuwa wameihamishia mahali salama zaidi, kwa kuwa mfuko uliokuwa shabaha ya wanasiasa ukiwa chini yake ulikuja kuonekana, ukiwa chini ya Rosenbaum, kama taasisi ya manufaa ya umma.

Utaratibu wake ulikuwa wa kiofisi na mkavu, na pengine ukavu huo ndio uliouwezesha kudumu. Tawi la chama katika mji fulani lilipendekeza onyesho, likataja mahali, tarehe, idadi ya wapigaji na muda. Mdhamini aliidhinisha au alikataa. Kiingilio kilikuwa marufuku. Na kila mpigaji alilipwa kwa kiwango cha ujira kilichowekwa katika mji ule, sawa na ambacho angelipwa katika hoteli au harusi. Sharti hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani lilimaanisha kwamba mzee wa makao ya umma katika mji mdogo alipata mpigaji wa bei ileile ya bwana harusi tajiri, na mpigaji hakuwa na sababu ya kumpa mzee huyo kazi ya chini.

Onyesho la kawaida katika makao halikuhitaji okestra. Mara nyingi walikwenda wapigaji watatu au wanne, kwa mfano mmoja wa akodiani, mmoja wa klarineti anayebadilisha na saksafoni, mmoja wa besi kubwa la kusimama, na pengine mpiga ngoma aliyetumia brashi badala ya vijiti ili asiwashtue wagonjwa. Akodiani ilipendwa kuliko kinanda kwa sababu ya wazi kabisa: kinanda cha makao, kama kilikuwepo, kwa kawaida kilikuwa zawadi ya familia iliyohama nyumba, kimekaa karibu na bomba la joto, na nusu ya sauti zake zimeteguka, ilhali akodiani huingia na mwenyewe, hubebeka kutoka ukumbi wa chakula mpaka kwenye korido ya wasioweza kuamka kitandani, na huweza kusogezwa hadi hatua moja tu kutoka kwa mtu mwenye masikio mazito. Wauguzi walipanga viti vya magurudumu kwa nusu duara, wenye usingizi pembeni, na wapigaji waliozoea kazi hiyo walijua kuanza kwa wimbo wa mwendo wa wastani, kutopiga kwa nguvu, na kumalizia kabla ya saa ya chakula, kwa kuwa harufu ya chakula haishindwi na muziki wowote.

Jambo lililofanya maonyesho hayo yawe na mvuto wa pekee katika miaka ya 1950 na 1960, na ambalo halikupangwa na mtu yeyote, ni kwamba mpigaji na msikilizaji mara nyingi walikuwa watu wa rika karibu moja. Mpiga fidla aliyekuwa na umri wa miaka 30 alipofukuzwa katika jumba la sinema mwaka 1929 alikuwa na miaka 66 mwaka 1965, umri ambao bendi za dansi hazimwiti tena na redio haimtaki kabisa, hivyo malipo ya MPTF yalikuwa miongoni mwa machache aliyoweza kuyategemea. Wimbo kama “Let Me Call You Sweetheart”, uliochapishwa mwaka 1910, haukuwa kwake wimbo wa zamani wa kutafutiwa karatasi, kwa sababu alikuwa ameupiga mamia ya mara mbele ya wasichana na wavulana ambao sasa walikuwa wameketi mbele yake wakiwa na blanketi magotini. Mfuko uliobuniwa ili kufidia kazi iliyouawa na filamu ya sauti ulikuwa, bila kukusudia, unawakutanisha upya wapigaji wa majumba yale ya sinema na watazamaji wao.

Si kila mpigaji alifika katika mfuko kwa njia sawa. AFM ilikuwa na matawi yaliyotengwa kwa rangi, na mjini Chicago kwenyewe, nyumbani kwa Petrillo, tawi la 10 lilikuwa la Wazungu na tawi la 208, lililoundwa mwaka 1902, lilikuwa la Weusi, mpaka yalipounganishwa mwaka 1966. Los Angeles ilikuwa imetangulia kuunganisha matawi yake mwaka 1953. Kwa kuwa mapendekezo ya maonyesho yalipitia katika matawi, na kwa kuwa makao mengi ya wazee nayo yalikuwa yametengwa, ramani ya muziki wa bure ilifuata kwa kiasi kikubwa ramani ya ubaguzi wa mji husika. Sifa zinazomiminwa kwa mfuko huu katika maandishi ya sherehe hazigusi jambo hilo mara nyingi.

Upinzani uliokaribia kuuvunja mfuko ulitoka ndani ya chama. Wanamuziki wa studio za Los Angeles, ambao ndio waliorekodi sehemu kubwa ya muziki wa filamu na santuri, waliona kwamba jasho lao linawalisha wenzao wa miji ambayo hawajawahi kuikanyaga, na hasira yao ilipanda mwaka 1955 Petrillo alipoelekeza katika mfuko hata malipo yaliyotokana na filamu zilizouzwa kwa televisheni, ambayo awali yaliwaendea wapigaji waliorekodi. Mpiga tarumbeta Cecil Read aliongoza uasi wa tawi la 47, yaani la Los Angeles, kuanzia mwaka 1956, akafukuzwa katika chama, na mwaka 1958 wafuasi wake wakaunda chama chao ambacho kilishinda haki ya kuwawakilisha wanamuziki wa studio kubwa za filamu. Petrillo aliacha urais mwaka huohuo. Mrithi wake, Herman Kenin, aliafikiana na waasi wakarudi mwaka 1961, na kuanzia mwaka 1964 sehemu ya fedha za santuri ikaanza kwenda katika mfuko wa pili unaowalipa waliorekodi wenyewe. Madai ya Los Angeles yalikuwa ya haki kwa kiasi chake, kwa sababu ni vigumu kumwambia mtu kwamba malipo ya kazi yake ni mali ya taaluma nzima. Lakini kama madai hayo yangekubaliwa yote, akodiani ya makao ya wazee ingenyamaza mwaka 1958.

Sambamba na hayo ilikuwa ikikua taaluma nyingine ambayo nayo ilidai nafasi katika ukumbi uleule. Tiba kwa muziki, yaani matumizi ya muziki yanayoongozwa na mtaalamu kwa lengo la afya lililowekwa na kupimwa, ilipata programu yake ya kwanza ya shahada katika chuo cha jimbo la Michigan mwaka 1944, na chama chake cha kitaifa mwaka 1950, ikichochewa na uzoefu wa hospitali zilizopokea majeruhi wa vita. Tofauti ya kazi hizo mbili ni dhahiri kwa wahusika: mtaalamu wa tiba huanza na mgonjwa mmoja na tatizo lake, huandika maendeleo, na wimbo kwake ni chombo, mpigaji wa mfuko huanza na wimbo na hadhira, na hana faili la mtu yeyote. Tarehe 1 Agosti 1991 kamati ya Seneti inayoshughulikia masuala ya uzee ilisikiliza ushahidi juu ya muziki na uzee, ambapo tabibu wa mishipa ya fahamu Oliver Sacks alieleza jinsi wagonjwa walioganda mwili au kupoteza kumbukumbu walivyoweza kuamshwa na wimbo, na mpiga ngoma Mickey Hart wa kundi la Grateful Dead naye alitoa maelezo yake. Mwaka uliofuata tiba kwa muziki ilitajwa katika sheria ya huduma za wazee.

Sheria nyingine, isiyo na mbwembwe, ilikuwa na athari kubwa zaidi kwa mpigaji wa kawaida. Mageuzi ya makao ya wazee yaliyopitishwa ndani ya sheria ya bajeti ya mwaka 1987, baada ya kashfa za muda mrefu za wazee kufungwa vitini na kutelekezwa, yaliyataka makao yote yanayopokea fedha za Medicare na Medicaid yawe na programu ya shughuli zinazolingana na matakwa ya kila mkazi, ikiongozwa na mtu mwenye sifa za kazi hiyo. Kutokana na hapo kila makao yalikuwa na afisa shughuli, kalenda ya mwezi iliyobandikwa ukutani, na bajeti, hata kama ni ndogo, ya kuwaita wanamuziki. Kundi jipya likaibuka, la waimbaji wanaotembea peke yao na gitaa au kinanda cha umeme na kipaza sauti, wakipita makao matatu kwa siku, wengi wao wakiwa nje ya chama na nje ya mfuko, na bei zao zikiwa chini ya kiwango cha chama.

Uingereza ilifika mahali karibu na hapo kwa njia nyingine. Shirika la Live Music Now, lililoanzishwa mwaka 1977 na mpiga fidla Yehudi Menuhin pamoja na Ian Stoutzker, huwapeleka katika makao ya wazee na shule za watoto wenye ulemavu wanamuziki walio mwanzoni mwa kazi yao, na fedha zake hutoka kwa wahisani. Huko mpigaji ni kijana anayejifunza kusimama mbele ya watu. Marekani, katika miaka ya mwanzo ya mfuko, alikuwa aghalabu mtu mzima ambaye ukumbi wake ulikuwa umefungwa.

Muziki wa makopo, ambao Petrillo alipigana nao maisha yake yote, uliingia katika makao ya wazee kwa mlango wa mbele katika karne hii. Mwaka 2006 Dan Cohen alianza kupeleka vichezeo vidogo vya muziki na vipokea sauti vya masikioni kwa wakazi wa makao ya New York, kila mmoja akiwekewa nyimbo za ujana wake, na filamu ya hali halisi kuhusu kazi hiyo, Alive Inside, ilipoonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2014 ikapata tuzo ya watazamaji, makao mengi yaliiga. Kifaa hicho hakichoki, hakidai nauli, na humchezea mgonjwa wa dimenshia wimbo uleule mara kumi bila kununa, lakini humfunga kila mtu ndani ya masikio yake, na hakiwezi kumtazama mzee usoni kikajua kwamba ufunguo wa sauti uko juu mno kwake, kikaushusha ili naye aimbe.

Mfuko wenyewe ulipungua pamoja na santuri. Nyimbo zilipoanza kunakiliwa bila malipo katika intaneti, mauzo ya sahani yaliporomoka na mrabaha ukaporomoka nayo, mpaka makubaliano ya baadaye na makampuni yalipoingiza sehemu ya mapato ya utiririshaji, yaani usikilizaji wa nyimbo moja kwa moja kupitia intaneti. Siku hizi MPTF kwa kawaida hulipa sehemu tu ya gharama, na salio hutoka kwa mwenyeji wa onyesho, lakini inayo programu maalumu, MusicianFest, inayompeleka mpigaji mmoja kwa wakati katika vituo vya wazee. Mwezi Machi 2020, makao ya wazee yalipofungiwa wageni nchi nzima kwa sababu ya korona, mfuko huo ulilazimika kulipia maonyesho yaliyorushwa kwa intaneti, huku wapigaji wengine wakisimama nje, katika maegesho ya magari, na wakazi wakisikiliza kutoka madirishani. Masharti mawili ya Desemba 1948 yalibaki hata katika maonyesho hayo: msikilizaji hakutozwa kitu, na mpigaji alilipwa.